Hesabu ya Kuingia Chuo cha Udaktari Marekani

Katikati ya karne ya 19, mtu aliyetaka kusomea udaktari Marekani hakuwa na sababu ya kukaa akijiuliza kama angepokelewa. Alihitaji ada tu. Vyuo vingi vilikuwa mali ya madaktari wenyewe waliofundisha humo: mwanafunzi alinunua tiketi za mihadhara, na fedha zikaingia mifukoni mwa walimu. Masomo yalikuwa mihula miwili ya miezi michache, na mara nyingi muhula wa pili ulirudia yaleyale ya kwanza. Chuo kilichomkataa mwombaji kilijinyima mapato, kwa hiyo wachache walikataliwa.

Hata hivyo, si kila mwenye ada alipokelewa. Elizabeth Blackwell alikataliwa na vyuo vingi kabla ya Geneva Medical College, katika jimbo la New York, kumpokea. Walimu wa chuo hicho waliwaachia wanafunzi wapige kura, nao wakakubali, inasemekana kwa kudhani ni mzaha. Alihitimu mwaka 1849, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini humo. Mwaka uliofuata Harvard iliwapokea wanaume watatu Weusi, Martin Delany akiwa mmoja wao. Wanafunzi Weupe walilalamika, na baada ya muhula mmoja tu watatu hao wakaambiwa wasirudi. Ada walikuwa nayo, na uwezo wao haukuwa hoja.

Mabadiliko yalianzia juu. Mwaka 1871 rais wa Harvard, Charles Eliot, alisukuma mageuzi: kozi ndefu zaidi, yenye mpangilio na mitihani ya kweli. Profesa wa upasuaji, Henry Bigelow, alipinga mitihani ya kuandika kwa hoja kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi hawawezi kuandika vizuri. Hoja hiyo ilieleza hali ya vyuo vya wakati ule vizuri kuliko ripoti yoyote. Johns Hopkins ilipofungua chuo chake cha udaktari huko Baltimore mwaka 1893, ilikwenda mbali zaidi ikadai shahada ya kwanza kwa kila anayeingia. Sharti hilo lilitokana na Mary Garrett, tajiri aliyekamilisha fedha zilizohitajika ili chuo kifunguliwe. Alitaka viwango hivyo viandikwe, na wanawake wapokelewe kwa masharti yaleyale ya wanaume. Katika darasa la kwanza la wanafunzi 18, watatu walikuwa wanawake. Inasimuliwa kwamba William Osler alimwambia mwenzake William Welch kuwa ni bahati yao kuingia hapo kama maprofesa, maana kama wanafunzi wasingepita.

Hapo ndipo ulipoanza mfumo ambao msomaji wa Tanzania au Kenya huuona mgeni. Marekani, anayemaliza sekondari haendi moja kwa moja kusomea udaktari. Anasoma kwanza chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne, akichanganya masomo ya biolojia, kemia na fizikia, kisha ndipo anaomba. Anapoomba, kumbukumbu ya miaka yote hiyo inawekwa mezani.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti kwa niaba ya taasisi ya Carnegie baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Alipendekeza vibaki 31. Vingi vilikuwa vimeanza kufa hata kabla yake, kwa sababu majimbo yalikuwa yakikaza masharti ya leseni na maabara zilikuwa ghali, lakini ripoti iliharakisha mwisho wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 vilibaki kama 80 hivi. Mgonjwa alifaidika, na hilo halina ubishi. Ila gharama haikugawanywa sawasawa. Kati ya vyuo saba vya Weusi, Flexner aliona viwili tu vinafaa kuendelezwa, Howard cha Washington na Meharry cha Nashville. Vingine vitano vilikuwa vimefungwa kufikia mwaka 1923. Kwa vizazi viwili vilivyofuata, kijana Mweusi aliyetaka kuwa daktari alikadiria nafasi yake kwa vyuo viwili, kwa kuwa karibu kwingine kote, hasa Kusini, milango ilikuwa imefungwa kwake.

Nafasi zilipopungua na waombaji wakaongezeka, vyuo vilipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kuchagua, na uwezo huo haukutumika vizuri. Kati ya vita viwili vya dunia vyuo vingi vya mashariki viliweka kikomo cha Wayahudi watakaopokelewa. Fomu ziliuliza dini, mahali walipozaliwa wazazi, hata jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Vijana wengi wa Kiyahudi wenye alama za juu walilazimika kwenda kusoma Scotland na Uswisi. Vikomo hivyo viliondoka polepole baada ya vita vya pili, vikisukumwa na sheria za majimbo dhidi ya ubaguzi.

Wakati huohuo vyuo vilikuwa na tatizo jingine: baadhi vilipoteza sehemu kubwa ya wanafunzi wao kabla ya kuhitimu. Mwaka 1928 F. A. Moss wa Chuo Kikuu cha George Washington alianzisha mtihani wa kubashiri nani ataweza masomo. Kutokana na mtihani huo, mwaka 1948 ukapatikana mtihani wenye jina la MCAT, ambao bado unatumika. Umeandikwa upya mara kadhaa, 1962, 1977, 1991 na 2015, na kila toleo linaonyesha udaktari ulivyojiona wakati huo. Zamani ulipima hata elimu ya jumla ya mwombaji. Toleo la 2015 liliongeza saikolojia na sosholojia kwa kutambua kwamba maradhi hayatokani na vijidudu pekee. Alama zake huanzia 472 hadi 528, na 500 iko katikati.

Kando ya vyuo hivyo, vilivyotoa shahada ya M.D., kulikuwa na njia nyingine ya kuwa daktari, osteopathi, yenye historia yake. Andrew Taylor Still, tabibu katika maeneo ya walowezi ya magharibi, alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na dawa za wakati wake hazikuwafaa. Mwaka 1874 alitangaza tiba mpya iliyotegemea mifupa, misuli na uwezo wa mwili kujiponya, na mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, kikiwapokea wanawake tangu darasa la kwanza. Flexner alivikagua vyuo vinane vya aina hiyo na kuvilaani vikali. Kwa miongo mingi Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwahesabu wenye shahada ya osteopathi, D.O., kuwa watu wa kundi potofu, ingawa vyuo vyao vilikuwa vikiingiza dawa, upasuaji na maabara hatua kwa hatua. Vilidai elimu ya chuo kikuu kwa kuchelewa, kwa hiyo mtu ambaye vyuo vya M.D. vilimfungia mlango mara nyingi aliweza kuingia huko.

California ilijaribu kuifuta tofauti hiyo. Mwaka 1962, kwa ada ya dola 65, madaktari wa osteopathi wapatao 2,000 walibadilishiwa shahada kuwa M.D., na chuo chao cha Los Angeles kikageuzwa kuwa cha M.D. Wengi walidhani taaluma hiyo inaisha. Matokeo yakawa kinyume: jimbo lililokubali kuwabadilishia watu shahada bila kuwarudisha darasani lilikuwa limekiri kwamba walikuwa madaktari kamili. Mwaka 1966 jeshi la Marekani lilianza kuwapokea kama maofisa wa tiba, mwaka 1969 chama kilekile kilichowakataa kikawafungulia uanachama, na mwaka 1973 Mississippi ikawa jimbo la mwisho kuwapa haki kamili za kutibu.

Kuanzia mwaka 1963 serikali ya shirikisho ilimwaga fedha kujenga vyuo, na vya M.D. vikaongezeka kutoka chini ya 90 hadi 126 kufikia mwaka 1980. Waombaji waliongezeka haraka zaidi. Mwaka 1974 walikuwa zaidi ya 42,000 kwa nafasi kama 15,000. Katika msongamano huo Allan Bakke, mhandisi Mweupe mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, alikataliwa mara mbili na chuo cha Davis, California, kilichokuwa kimetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa makundi yaliyobaguliwa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru apokelewe na kukataza nafasi za kutengwa, lakini ikaruhusu asili ya mwombaji kuzingatiwa pamoja na mambo mengine. Ruhusa hiyo ilidumu hadi mwaka 2023, mahakama ileile ilipoiondoa katika kesi iliyohusu Harvard na North Carolina. Wanawake walisaidiwa na sheria ya 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Mwanzoni mwa muongo huo walikuwa kama mmoja kati ya wanafunzi wapya kumi, na mwaka 2017 walivuka nusu kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1980 kamati ya serikali ilitabiri kwamba ifikapo 1990 kungekuwa na madaktari 70,000 wa ziada. Vyuo vya M.D. viliacha kukua kwa karibu miaka 25. Waombaji hawakutulia: walishuka chini ya 27,000 mwaka 1988, wakapanda hadi karibu 47,000 mwaka 1996, huku nafasi zikibaki zilezile. Mwanafunzi mwenye alama zilezile angeweza kupokelewa mwaka 1988 na kukataliwa mwaka 1996. Vyuo vya osteopathi havikujifunga na utabiri huo. Kutoka vitano katika miaka ya 1960, vimezidi 40, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani sasa wanasoma humo. Ni mwaka 2006 tu jumuiya ya vyuo vya M.D. ilipoomba nafasi ziongezwe kwa asilimia 30.

Leo mwombaji ana jedwali. Jumuiya ya vyuo vya M.D. huchapisha kila mwaka idadi ya waliopokelewa kwa kila mchanganyiko wa wastani wa masomo na alama za MCAT. Katika msimu wa 2023 waliomba 52,577 na wakaanza masomo 22,981, wastani wao wa masomo ukiwa 3.77 kati ya 4 na wa MCAT 511.7. Wanaoanza vyuo vya osteopathi huwa na MCAT karibu 504. Vyuo hivyo viliwahi pia kuwa na huruma kubwa kwa aliyejikwaa: hadi mwaka 2017 alama ya somo lililorudiwa ilifuta ile ya zamani, wakati upande wa M.D. zote mbili zilihesabiwa.

Jedwali linasema mengi, lakini kuna linayoyaficha. Hata katika kisanduku cha juu kabisa wapo wanaokosa kila chuo. Vyuo vya majimbo huwapendelea wakazi wao, na cha Mississippi hupokea wakazi wa jimbo hilo pekee. Vyuo vingi havipokei kabisa mwombaji asiye raia wala mwenye kibali cha ukazi wa kudumu, jambo ambalo kijana kutoka Afrika Mashariki anapaswa kulijua kabla ya kulipia mtihani. Kuna pia saa za kuhudumia wagonjwa, barua za walimu, na usaili wa vituo vifupi vifupi uliobuniwa na Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya M.D. na D.O. yako chini ya ithibati moja, kwa hiyo wahitimu wa njia zote mbili hugombea nafasi zilezile hospitalini.