Kupanda kwa Miguu, Kurudi kwa Helikopta

Huu ni mwaka wa tatu ninaandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Nilimaliza kidato cha nne huku huku Kusini, matokeo hayakunipeleka mbele, nikarudi nyumbani Ruangwa. Mchana ni korosho, usiku ni daftari. Shujaa wangu ni kijana wa Nachingwea anayepata tajiri wa kumlipia safari ya Mlima Kilimanjaro. Nilikwishapanga kila kitu: siku sita za kupanda kwa njia ya Machame, alfajiri ya siku ya saba kileleni, halafu, na hapa ndipo nilipojiona fundi, helikopta inamfuata kambi ya juu na kumshusha Moshi kabla chai haijapoa. Vumbi linatimka, mapangaboi yanavuma, shujaa anautazama mlima kwa chini. Mwisho.

Nikampa kaka yangu asome. Ni mtoto wa mama mkubwa, alifanya kazi ya upagazi mlimani misimu minne kabla ya kurudi kulima ufuta. Alisoma kimya, akifuata mistari kwa kidole, kisha akanirudishia daftari.

"Dogo, chopa yako ikishaondoka, hema linashushwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Helikopta yenyewe mimi naijua ya wakati wa kampeni tu, ile inayotua uwanja wa mpira watoto wote wakaacha shule. Mlima wenyewe sijawahi kuuona kwa macho. Basi nikaona aibu, nikaanza kutafuta habari za watu waliopanga safari za mlima ule tangu mwanzo, hasa walivyopanga kurudi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Shuleni tulifundishwa kwamba Rebmann, mmisionari, aliuona mlima mwaka 1848 akaandika kuna theluji, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Tulifundishwa pia kwamba Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889. Tulichoruka ni kwamba Meyer alishindwa mara mbili kwanza. Huyu alikuwa mtoto wa ukoo wa wachapishaji vitabu wa Leipzig, kijana mwenye fedha. Mwaka 1887 alipanda hadi kwenye barafu, akakosa vifaa vya kuendelea. Mwaka 1888 akarudi na mwenzake Oscar Baumann, lakini Pwani ilikuwa imewaka moto: Abushiri na watu wake walikuwa wamesimama dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Meyer na Baumann wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiwa baada ya kulipiwa fidia.

Mara ya tatu alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mpanda milima hasa. Na mara hii alikuja na mpango. Alikwishagundua kwamba mlima ule haumshindi mtu kwa ukali wa mwamba peke yake. Unamshinda kwa chakula. Ukipanda na mzigo wa siku mbili, hali ya hewa ikikukatalia siku mbili, umeshindwa, unarudi. Kwa hiyo akaomba hifadhi kwa Mangi Marealle wa Marangu, akaacha kundi kubwa la wapagazi huko chini, akapiga kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu. Kambi kubwa ya juu ilikuwa kwenye mita 4,300 na kitu. Hapo yeye na Purtscheller waliweza kujaribu, kushindwa, kulala, na kujaribu tena.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa shimo la volkano, wakaona kilele bado kiko mbele na nguvu zimekwisha, wakashuka. Wakapumzika. Tarehe 6 Oktoba 1889, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, wakasimama juu kabisa. Meyer akakipa kilele jina la Kaisari wake.

Mimi nilisimama zaidi kwa mtu wa tatu. Kule kambi ya juu, wapagazi wengine walipokwisharudishwa chini, alibaki mmoja akilinda hema na kuwasha moto. Jina lake Mwini Amani, mtu wa Pangani. Hebu fikiri, mtu wa mwambao, wa minazi na joto, amekaa peke yake kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya chungu, akiwangoja Wazungu wawili. Na mji wake Pangani ulikuwa umetekwa na Wajerumani Julai ya mwaka huohuo. Miezi miwili baada ya siku ile ya kilele, Desemba 1889, Abushiri akanyongwa, tena hapo hapo Pangani. Kama Mwini Amani alikuwa amefika nyumbani kufikia wakati huo, alikuta nini? Riwaya nzima imelala hapo, naye amepewa mistari michache tu.

Marangu wao wanamtaja wa kwao, Yohani Kinyala Lauwo, aliyekuwa kijana wakati ule na kuonyesha njia. Marangu wanasimulia kwamba naye alifika juu. Kitabu cha Meyer kinawataja wawili tu kileleni. Mzee Lauwo aliishi miaka mingi mno, akafariki mwaka 1996, na ilipoadhimishwa miaka 100 ya safari ile mwaka 1989 ndipo heshima ikamfikia, pamoja na nyumba. Kijana alipanda na mizigo ya watu, asante ikamkuta mzee.

Msomaji wa Nachingwea anaweza kuniuliza, mbona unatupeleka Uchagani? Subiri kidogo. Habari za kupanga kwenda na kusahau kurudi sisi huku tunazo zetu. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne pale Mahiwa, ukanda wetu huu wa Lindi, mapigano ya kutisha. Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Mto Ruvuma na jeshi lake. Vitabu vinahesabu bunduki. Lakini kila bunduki ilikuwa na watu nyuma yake waliobeba risasi, unga, vitanda vya maofisa, na maelfu kwa maelfu yao walikufa njiani kwa njaa na kuhara, mbali na kwao. Waliorudi walirudi kwa miguu. Jina lao tunalitamka kila siku bila kujua: Kariakoo ile ya Dar es Salaam ni Carrier Corps ya Waingereza, jeshi la wapagazi, iliyopita kwenye ulimi wetu.

Na mpango wa karanga je? Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza walikuja kukagua Tanganyika, sehemu kubwa wakiitazama kutoka kwenye ndege. Kwa juu ardhi ilionekana safi. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kuingia, reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na mwaka 1951 mpango mzima ukatupwa. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Wazee wetu waliokuwa vibarua wakabaki na mabati na stori. Nasema haya kupita tu, maana mtu anayeitazama nchi kutoka angani huwa anakosa kuona mambo fulani, na mimi na riwaya yangu nilikuwa nimepanda ndege hiyohiyo.

Turudi mlimani. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimama juu ya Kilimanjaro akawasha mwenge na kusimamisha bendera ya Tanganyika huru, na kilele kikaacha jina la Kaisari kikaitwa Uhuru. Picha yake tumeiona wote, ipo vitabuni tangu shule ya msingi. Ni picha ya kupanda. Hakuna anayepiga picha ya mtu anayeshuka, magoti yanatetemeka, kucha za vidole vya mbele zimekuwa nyeusi kwa kugonga kiatu. Kaka anasema kazi ya mlima iko kwenye kushuka. Kupanda unavuta pumzi, kushuka unavunja mifupa.

Helikopta sasa. Nilidhani ni kama basi: unalipa, inakuja. Kumbe hewa ileile inayomshinda mpandaji inaishinda na mashine. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya Lindi. Mapangaboi yanahitaji hewa ya kusukuma, injini inahitaji hewa ya kuchoma mafuta. Hewa ikiwa nyepesi vyote viwili vinadhoofu, kwa hiyo rubani anapunguza mzigo na abiria, na anawahi asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Mwaka 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua kwa helikopta juu ya Everest kwenyewe, lakini ile ilikuwa ya kuweka rekodi. Kule Nepal, wageni wengi siku hizi wanatembea siku nane, tisa, mpaka kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, kisha wanarudi kwa helikopta. Mpango wangu wa riwaya, kumbe, ni biashara ya kawaida huko. Kilimanjaro helikopta zinajulikana zaidi kwa kuokoa wagonjwa kutoka kambi kama Barafu, maana dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mlima, mapafu au ubongo vikianza kuvimba, ni kushuka, na kushuka haraka.

Na mashine hiyo nayo huanguka. Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu vibaya karibu na Batian, kilele cha Mlima Kenya. Mwenzake Oswald Oelz akakaa naye juu ya mwamba. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliruka kwenda kusaidia, helikopta ikaanguka, akafa. Judmaier alishushwa kwa kamba na mikono ya watu baada ya zaidi ya wiki moja, na akapona. Juzi juzi tu, Desemba 2025, helikopta ya uokoaji ilianguka Kilimanjaro upande wa Barafu, wakafa watu 5: rubani, daktari, mwongozaji na watalii 2. Habari ilipofika Ruangwa nilikuwa na kaka. Aliuliza swali moja tu, mwongozaji ni mtu wa wapi.

Siku hiyo ndipo aliponisimulia yake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mama mkubwa.

Ilikuwa mwaka 2019, safari ya njia ya Machame kama ya shujaa wangu. Kampuni siitaji. Mgeni mmoja alikuwa amelipia mapema kabisa: akishafika kileleni, arudi kwa helikopta kutoka kambi ya juu. Kaka alikuwa amebeba hema lake tangu getini. Siku ya tano alianza kukohoa, kichwa kinapasuka, viatu vimelowa. Alinyamaza, kwa sababu mpagazi anayesema anaumwa safari ijayo haitwi. Usiku wa kilele hali ikawa mbaya. Mkubwa wa msafara akamwambia, kukicha uanze kushuka polepole, utapona ukifika chini. Ushauri ulikuwa sahihi, maana dawa ni kushuka. Akashuka, na mwenzake mmoja akimshikilia mkono, na hema la mgeni mgongoni kwa sababu lile lilikuwa kwenye hesabu yake.

"Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe natema makohozi," alisema. "Nikaisikia kabla sijaiona. Ikapita juu yetu hivi, ikaenda Barafu. Baada ya muda ikarudi. Mwenzangu akapunga mkono."

"Wewe je?"

"Mimi nilikuwa nimeshika magoti, dogo."

Alifika geti la Mweka kesho yake jioni. Hospitali walimwambia ni mapafu. Fedha ya safari ile na ya safari iliyotangulia iliishia kwenye dawa, na mpaka leo akipalilia ufuta nusu siku lazima akae chini apumzike. Nilimuuliza kama anaichukia helikopta. Akanishangaa. Alisema hapana, ni chombo kizuri, kimeokoa wengi aliowajua, wageni na wenyeji. Yeye anachouliza ni nani mwenye namba ya kuiita. Katika safari ile kulikuwa na bima moja, ya mgeni.

Nimeifuta sura ya mwisho. Si kwa hasira, helikopta nimeiacha ije, shujaa wangu aondoke nayo kama alivyolipiwa na tajiri wake. Ila sura inaendelea baada ya hapo, vumbi likishatulia, na watu waliobaki kambini wanaanza kung'oa vigingi. Tatizo ni kwamba sikujua ni watu wangapi. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "wapagazi" tu, kama mtu anavyoandika "miti".

Kaka akachukua kalamu. Kwa mgeni mmoja, alisema, weka mwongozaji mmoja, mpishi mmoja, wapagazi wanne. Mzigo kilo 20 kila mtu, unapimwa getini, na kiti cha mgeni na meza yake usisahau. Kisha akafungua ukurasa niliouandika "Siku ya 7", ambao ulikuwa na neno moja, helikopta, nikiwa nimelipigia mstari mara mbili. Chini yake akaandika kwa herufi zake kubwa: watu 6 wanashuka Mweka, unga kilo 4, maharage, chumvi, mafuta ya taa kidogo. Akafikiri, akafuta 6, akaandika 5 na mgonjwa 1.