Jaa la Dandora: Kwa nini Nairobi haijaweza kulifunga

MVUA kubwa inaponyesha jijini Nairobi, taka huanza kurundikana Kayole, Huruma, Eastleigh na hata kandokando ya soko la Wakulima, karibu na kitovu cha jiji. Wakazi hulaumu serikali ya kaunti kwa uzembe. Hata hivyo, chanzo aghalabu huwa kilomita kadhaa kutoka hapo: njia za ndani ya jaa la Dandora zimegeuka matope, malori yamekwama kwenye foleni, na lori ambalo lingefanya safari tatu kwa siku linafanya moja tu.

Jiji hili, ambalo sensa ya 2019 ililihesabia watu 4,397,073, limekuwa likitegemea mahali pamoja rasmi pa kumwaga taka. Mlango huo ukiziba, jiji zima huziba.

Dandora yenyewe haikukusudiwa kuwa jalala. Ni mtaa ulioanzishwa katika miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha chini wapewe viwanja vyenye maji na mabomba ya majitaka, kisha wajijengee wenyewe. Karibu wakati uo huo, Baraza la Jiji lilianza kumwaga taka katika timbo lililoachwa wazi baada ya mawe yake kuchimbwa. Sensa ya 1979 ilipata wakazi takriban 828,000 katika Nairobi nzima, na timbo lilionekana kuwa na nafasi ya kutosha. Mnamo 2001, jaa hilo la takriban ekari 30 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakuacha kwenda.

Wataalamu hutofautisha jalala na jaa la kisasa. Jaa la kisasa hutandikwa utando chini ili maji machafu yasipenye ardhini, taka hufunikwa kwa udongo kila siku, na gesi ya methani hunaswa kwa mabomba. Dandora haina hata moja kati ya hayo. Taka huwaka zenyewe, moshi hutanda juu ya Dandora, Korogocho na Baba Dogo, nayo majimaji meusi hutiririka hadi Mto Nairobi unaopita kando yake. Mto huo huungana na Athi, ambao mbele hujulikana kama Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake katika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa Malindi, kwa hivyo, si mgeni kabisa katika habari hii.

Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa afya uliofanyiwa watoto 328 wa kati ya miaka miwili na 18 wanaoishi au kusoma karibu na jaa hilo. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, kiwango ambacho wakati huo kilitumiwa kimataifa kama mpaka wa hatari. Leo wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachoweza kuitwa salama kwa mtoto, kwani madini hayo hudhuru ubongo unaokua, na madhara yake hayaondoki mtoto anapohamishwa. Udongo wa eneo hilo pia ulipatikana kuwa na risasi nyingi kuliko udongo wa kawaida.

Ni jambo la kutafakariwa kwamba UNEP ina makao yake makuu Gigiri, katika jiji hilo hilo. Mnamo Machi 2022, mataifa yalikutana hapo Gigiri na kuafikiana kuanza majadiliano ya mkataba wa dunia kuhusu uchafuzi wa plastiki. Chupa na mifuko ya Nairobi yenyewe iliendelea kuelekea Dandora kama kawaida.

Hadi 2013, uzoaji taka ulikuwa jukumu la Baraza la Jiji, ambalo wakazi walilizoea kwa jina la 'kanjo'. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa na kuzitupa. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Tangu hapo jukumu hilo limepitia mikononi mwa magavana Evans Kidero, Mike Sonko, Ann Kananu na Johnson Sakaja. Kuanzia Machi 2020 hadi 2022 lilisimamiwa na NMS, taasisi ya serikali kuu iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi. Kila uongozi uliingia na malori, sare na kaulimbiu zake. Njia inayofuatwa na taka haikubadilika.

Njia hiyo ni hii. Katika mitaa ya wenye uwezo, kampuni za kibinafsi huzoa taka kwa ada ya kila mwezi, utaratibu ulioanza katikati ya miaka ya themanini wakati huduma za Baraza la Jiji zilipozorota. Katikati ya jiji na katika mitaa mingine, kaunti hutumia wafagiaji wake, malori yake na yale ya wanakandarasi. Katika mitaa ya mabanda kama Mathare na Kibera, ambako lori haliwezi kupenya, makundi ya vijana hupita mlango hadi mlango wakibeba taka mgongoni au kwa mkokoteni, na kuzirundika penye barabara ambapo lori la kaunti hutarajiwa kuzichukua. Lisipofika, rundo hugeuka jalala dogo lisilo rasmi. Mengine huishia mtoni.

Wanakandarasi kwa miaka mingi wamelipwa kulingana na uzito unaosomwa kwenye mizani ya Dandora. Utaratibu huo una mantiki ya kihasibu, kwani tani moja ni tani moja. Lakini humfanya mzoaji afaidike taka zinapokuwa nyingi na nzito. Anayetenganisha maganda ya ndizi na kuyageuza mbolea kabla ya kufika jaani hujipunguzia malipo. Ni vigumu kuwaza mfumo unaoweza kudhoofisha urejelezaji taka kuliko huo.

Na maganda hayo ndiyo kiini cha suala lote. Nairobi huzalisha kati ya tani 2,000 na 3,000 za taka kila siku, kutegemea aliyefanya hesabu, na zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula, maganda, majani ya mboga na vitu vingine vinavyooza. Yakiwekwa peke yake, mabaki hayo huwa mboji au chakula cha nguruwe. Yakichanganywa na karatasi, chupa na betri katika mfuko mmoja, huharibu kila kitu: karatasi hulowa na kupoteza bei, plastiki hupakwa uchafu na kuhitaji kuoshwa, nayo mboji huingiwa na vipande vya vioo na sumu za betri.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, iliyotiwa saini Julai 2022, ililenga hasa hapo. Inawataka wananchi, ofisi na taasisi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapotoka, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua vifaa vinavyoweza kutumika tena. Ilianzisha pia kanuni kwamba mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibikie vifungashio vyake hata baada ya mteja kuvitupa. Ni sheria nzuri. Tatizo ni kwamba mwananchi anayeitii, akaweka ndoo mbili jikoni, mara nyingi hushuhudia zote mbili zikimwagwa ndani ya lori moja lisilo na kizuizi katikati. Hafanyi hivyo kwa muda mrefu.

Marufuku ya mifuko ya plastiki mara nyingi hutolewa kama ushahidi kwamba Wakenya hubadilika wakiamriwa. Marufuku hiyo ilianza kutekelezwa Agosti 28, 2017, baada ya majaribio ya 2007 na 2011 kugonga mwamba, na ilikuja na adhabu ya faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Ilifaulu kwa kiasi kikubwa, ingawa mifuko ya magendo iliendelea kuingia kupitia mipakani. Lakini mifano hii miwili hailingani. Viwanda vya mifuko vilikuwa vichache na vilijulikana vilipo, na mfuko mkononi mwa mchuuzi huonekana na askari yeyote. Kutenganisha taka hufanyika ndani ya jikoni karibu milioni 1.5, ambako hakuna askari. Huko mtu hutii anapoona faida, au anapoona kwamba jitihada zake hazipotei bure.

Ajabu ni kwamba utenganishaji tayari unafanyika Nairobi, tena kwa kiasi kikubwa, ila unafanywa na watu ambao kaunti haijawaweka katika orodha ya wafanyakazi wake. Maelfu ya wanaume, wanawake na vijana huchambua taka za Dandora kila siku: plastiki ngumu kando, chupa kando, vyuma, mifupa, makaratasi. Madalali hupima kwa kilo na kuuzia viwanda. Kwa maneno mengine, kiasi kikubwa cha urejelezaji wa Nairobi hutegemea watu wasio na glavu wala bima. Neno 'chokoraa', lililotokana na kitenzi kuchokora, limegeuka tusi, ingawa kazi inayotajwa ni ile ile ambayo sheria ya 2022 inaitaka kaunti iifanye.

Wamo pia wajasiriamali. Kampuni ya Gjenge Makers, iliyoanzishwa jijini na mhandisi Nzambi Matee, huchanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njia, na mnamo 2020 Bi Matee alituzwa na UNEP kwa kazi hiyo. TakaTaka Solutions nayo huzoa, huchambua na kutengeneza mboji. Wote hawa hutegemea taka safi iliyotenganishwa.

Kuhusu kulihamisha jaa, mipango haijakosekana. Mpango mkuu wa 2010, ulioandaliwa kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, ulipendekeza Dandora ifungwe na jaa la kisasa lijengwe Ruai, mashariki mwa jiji. Wasimamizi wa usafiri wa ndege walipinga, kwani taka huvuta ndege wakubwa kama korongo, nao ni hatari kwa eropleni zinazotua na kupaa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta. Mpango huo ukakwama. Mnamo Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru umwagaji wa taka Dandora ukomeshwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ulipita na malori yakaendelea kupima mizigo.

Tumaini lililotajwa zaidi tangu wakati wa NMS ni mtambo wa kuchoma taka na kuzalisha umeme wa megawati 45, ambao umetangazwa na kutangazwa tena. Miji mingi ya Ulaya na Asia ina mitambo ya aina hiyo. Hata hivyo, taka za Nairobi zina maji mengi kwa sababu ya mabaki ya chakula, na taka mbichi haiwaki vyema. Sehemu ya moto hutumika kuikausha tu. Kwa hivyo hata mtambo huo ungefaidika kama ganda la ndizi lingetenganishwa na karatasi mapema. Aidha, mtambo wa aina hiyo huhitaji kulishwa plastiki na karatasi zilizo kavu, vitu vile vile vinavyomlisha mchambuzi wa taka. Mkataba wowote utakaotiwa saini bila kueleza watu hao wataenda wapi utakuwa umeacha jambo kubwa nje.

Gharama ya kuahirisha imeonekana katika miji jirani. Mnamo Machi 2017, jaa la Koshe jijini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Mnamo Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi jijini Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Koshe na Kiteezi yote yalikuwa majaa makuu ya miji mikuu, yaliyokuwa yamezidiwa kitambo, na yaliyozungukwa na makazi ya watu.

Mombasa ilichukua hatua mnamo 2018 ilipolifunga jaa la Kibarani, lililokuwa kando ya bahari penye njia ya kuingia kisiwani, na kupageuza bustani. Wageni hawapokelewi tena na harufu. Taka zenyewe zilielekezwa Mwakirunge, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa, na huko pia wamo watu wanaoishi kwa kuzichambua.