Nusura

Mwanangu alinikuta sebuleni usiku, akauliza natazama nini. Nikamjibu, "Tamthilia ya baada ya kiyama," na papo hapo nikajua nimesema neno lisilokaa sawa.

Nilikuwa natazama Survivors ya BBC, iliyoanza kuonyeshwa Aprili 1975. Mtunzi wake ni Terry Nation, yule yule aliyewabuni Dalek wa Doctor Who. Chupa inamponyoka mwanasayansi na kupasuka, ndege zinaruka, mihuri inagongwa kwenye pasipoti, na wimbo wa kufungulia ukiisha tayari umeelewa kila kitu: ugonjwa umeenea duniani. Wanaobaki hai ni wachache mno, nao wanahangaika huko mashambani Uingereza, wakitafuta chakula, mbegu na wenzao. Vipindi ni 38. Nimevitazama kwa uroho ambao sikuwa nao kwa tamthilia yoyote mpya.

Lakini "baada ya kiyama"? Kiyama kina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama. Ni siku ambayo wafu watasimama. Ndugu zake tunao maofisini kila siku, kaimu na makamu, watu wanaosimama mahali pa wengine. Baada ya Kiyama kuna pepo na kuna moto. Hakuna shamba la viazi, wala hakuna wa kugombana naye juu ya petroli iliyobaki. Na katika tamthilia hii wafu hawasimami. Wanalala walipolala, na walio hai ndio wanaotakiwa kuinuka.

Basi nikageukia neno ambalo Wazungu wenyewe wanalitumia kwa hadithi za aina hii, apocalypse. Wamelitoa kwenye Kigiriki, na huko halikuwa na maana ya maangamizi hata kidogo. Maana yake ni kufunua. Waliotupa Biblia ya Kiswahili walilitafsiri kwa uaminifu: Ufunuo wa Yohana. Nation alilijua chimbuko hilo, kwani kipindi cha kwanza alikiita Mpanda Farasi wa Nne, yule wa Ufunuo ambaye jina lake ni Mauti. Nikisikia kufunua, mimi naona kawa likiinuliwa juu ya sinia. Abby Grant, mke wa mtu mwenye nafasi, anaugua, anazinduka, anamkuta mumewe amekufa. Anakata nywele zake, anaichoma nyumba moto, anaondoka. Kabla ya hapo, kwenye shule aliyokuwa akisoma mwanawe, mwalimu mzee amemweleza kuwa vitu vya madukani vitakwisha, na kwamba itabidi watu wajifunze upya, kutoka mwanzo kabisa, kutengeneza hata vile vidogo wanavyovichukua bila kufikiri. Kawa limeinuliwa, na chini yake sinia ni tupu: hakuna ajuaye kutengeneza chochote.

Kuna kipindi kimoja kilichonikosesha usingizi. Msichana ameuawa katika jamii ndogo ambayo Abby na wenzake wanaishi. Wanapiga kura, wanamhukumu kijana mwenye upungufu wa akili, na Greg, mmoja wa wenzake Abby, anampiga risasi. Kisha Abby na Greg wanagundua kuwa muuaji ni mwingine, na wananyamaza, kwa sababu mikono ya kazi ni michache. Funika kombe mwanaharamu apite. Sijawahi kuona methali hiyo ikiuma kiasi kile, na hakuna aliyeitamka.

Nikarudi kwenye jina lenyewe la tamthilia. Kwa Kiingereza aliyenusurika ni yule aliyeishi kupita wengine, aliyezidi siku zao. Kiswahili humwita manusura, na mzizi wake ni nusura, yaani msaada wa kuokoa. Ndimo yalimotoka majina ya Nassor na Mansour. Kwetu hunusuriki kwa kuwa una nguvu. Kuna aliyekunusuru. Tena neno hilo hilo tumelipa kazi ya pili, tukisema nusura aanguke, au almanusura, mtu akiwa amekaribia kabisa. Msaada na ukingo wa shimo vimekaa katika herufi sita.

Namfikiria Vic Thatcher. Amevunjika miguu, na mwanamke aliyekuwa naye, Anne, anamwambia Greg kwamba Vic ameshakufa, kisha wote wawili wanaondoka. Vipindi kadhaa baadaye Vic yuko hai, miguu haimbebi, naye amepokelewa katika ile jamii ndogo na anawafundisha watoto. Nusura afe, akapata nusura.

Jana mwanangu alipita tena sebuleni, akauliza kama bado niko kwenye kiyama. Nikamwambia hapana, natazama manusura. Akaketi pembeni yangu, akauliza ni yupi kati yao.