Mwethya wa Mashine Tatu

Katika ofisi moja ndogo ya Athi River nilipata kuona hasara ambayo sijaisahau. Hesabu zote za mahali hapo, mishahara ya vibarua na madeni ya wateja, zilikaa katika kompyuta moja chini ya meza, penye vumbi la barabarani. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na mashine ile haikuamka tena. Vibarua walingoja mshahara siku tisa. Nawe ujue, msomaji, kwamba kando yake zilikuwapo kompyuta mbili nzima, ambazo hazikuweza kuisaidia kwa lolote.

Njia ya kuziwezesha kusaidiana ilikuwapo, na chanzo chake ni cha kale kuliko udhaniavyo. Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa chombo cha kujaza chumba, na bei yake iliwashinda wengi. Mafundi wa IBM huko Cambridge, Marekani, wakiongozwa na Robert Creasy, walitunga programu iitwayo CP-40, ikaanza kutumika mwaka 1967. Programu hiyo iliigawa mashine moja hata kila mtumiaji akaona kama kwamba anayo kompyuta yake peke yake. Kompyuta ya namna hiyo, isiyo na chuma chake yenyewe, ndiyo tuiitayo leo mashine pepe. Mashine ya chuma ni mwenyeji, na mashine pepe ni mgeni wake.

Kompyuta ndogo zilipokuwa rahisi, wengi waliliacha shauri hilo, mpaka kampuni ya VMware ilipolifufua mwaka 1999. Nayo Linux, ambayo mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliitangaza mwaka 1991, na ambayo yeyote aweza kuinakili bila malipo, ilitiwa uwezo wa kupokea wageni mwaka 2007 kwa sehemu iitwayo KVM. Mwaka 2008 ikatoka Vienna programu ya Proxmox, ambayo huweza kuzifunga mashine nyingi katika kundi moja.

Wakamba huliita mwethya lile kundi la majirani wasaidianao kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kundi la kompyuta ni mwethya, lakini lina sheria kali, nayo ni akidi. Kila mashine ina kura moja. Tuseme zipo mbili tu, na waya uziunganishao ukakatika. Kila moja itadhani mwenzake amekufa. Zote mbili zikimwamsha mgeni yule yule, zikaandika katika diski moja, hesabu zitavurugika vibaya kuliko kama zingezimika. Kwa hiyo mashine isiyo na wingi wa kura hairuhusiwi kutenda jambo. Ndiyo sababu twataka tatu: moja ikipotea, mbili zilizobaki zina wingi, nazo huendelea. Watu wengi hununua mbili kwa kubana matumizi, kisha hushangaa kundi lao likigoma siku ya shida.

Kumkaribisha mgeni si kazi ndefu. Utatia katika hifadhi ya kundi nakala ya Linux, mathalani Debian. Utampa mgeni jina na namba. Utamkatia prosesa 2, kumbukumbu ya gigabaiti 2, na diski ya gigabaiti 32. Kisha utamfunga kwenye daraja la mtandao, apate kusema na wenzake. Diski hiyo sharti ikae mahali ambapo mashine zote tatu zaifikia, kwani ikikaa ndani ya moja, itakufa pamoja nayo. Mwisho umwandikishe mgeni miongoni mwa wale wanaopasa kuamshwa mwenyeji wao akianguka.

Basi fanya jaribio kabla ya kumkabidhi mishahara ya watu. Ng'oa waya wa umeme wa mashine anamokaa. Kwa dakika moja au mbili hutaona kitu, na moyo utakudunda. Mashine mbili zilizobaki zitakuwa zikihakikisha kwamba mwenzao amezimika kweli. Kisha mgeni ataamka kwa mwenyeji mwingine. Kile alichokuwa hajakiandika katika diski kitakuwa kimepotea. Lakini daftari la hesabu litakuwapo, naye atakuuliza tena jina lako na neno la siri.