Wimbo Tulioutoa

Mwaka jana nilikuwa Birmingham, nimekaa katikati ya marafiki wawili niliosoma nao Gatuanyaga. Siku hizi wanaishi huko. Walininunulia tiketi nikaone vijana wa miaka 13 hadi 17 wakiigiza Sarafina!

Ni nani Kenya hajui Sarafina? Ile filamu ya 1992 tuliitazama shuleni mpaka kanda ikachoka. Lakini kabla ya filamu kulikuwa na jukwaa. Mbongeni Ngema aliuleta mchezo huo Market Theatre, Johannesburg, mwaka wa 1987, ubaguzi wa rangi ukiwa bado unatawala. Hugh Masekela alichangia muziki. Januari 1988 ukafika Broadway. Unakumbuka uasi wa wanafunzi wa Soweto ulioanza 16 Juni 1976, na walioucheza walikuwa vijana.

Katikati ya wimbo mmoja nikamnong'oneza rafiki yangu: "Hawa waliomba kibali wapi?"

"Kibali gani? Waliomba ukumbi tu."

Nikacheka, halafu kicheko kikaisha. Uingereza nayo ilikuwa na mkaguzi wa michezo kwa mujibu wa sheria ya 1737, na sheria ya 1968 ndiyo iliyomwondoa. Kwetu kibali kilibaki. Pale Kamirithu, Limuru, ndani ya Kiambu hii yetu, wanakijiji walijijengea jukwaa wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Walianza Oktoba 1977, na Novemba mchezo ukapigwa marufuku. Mwaka ulipoisha, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka wa 1982 wakaandaa Maitu Njugira, mchezo uliojaa nyimbo. Walikuta milango ya Kenya National Theatre imefungwa. Machi ya mwaka huo huo, jukwaa la Kamirithu likabomolewa.

Usidhani hayo ni ya wazee tu. Mwaka wa 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa mpaka Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Aprili 2025, wasichana wa shule hiyo hiyo walienda Nakuru na Echoes of War. Polisi walirusha vitoa machozi nje, na mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Basi. Sijaona igizo la muziki fupi kuliko hilo, wala lililosema mengi zaidi.

Hapo ndipo ninaposhikwa na aibu. Tukiwa kidato cha tatu, kundi letu la drama lilikuwa na wimbo kuhusu mto Athi. Sisi wa Gatuanyaga tunaujua: ukienda Fourteen Falls unakuta maji yanashuka na povu na takataka za mjini. Wimbo uliuliza ni nani anayetuletea uchafu huo. Huyu rafiki aliyenijibu ukumbini ndiye aliyeutunga. Wiki moja kabla ya mashindano tukaambiwa tuutoe, ati utawaudhi wageni wa heshima. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi ndimi niliyeshika kalamu nikaupiga mstari kwenye daftari.

Baada ya onyesho tulisimama kituoni kungoja basi, baridi kali. Nikamwambia, "Buda, imba ule wa mto." Akaanza. Ubeti wa kwanza tuliuimba sote watatu, watu wakitutazama. Wa pili haukuja. Tulijaribu, tukaguna sauti yake, lakini maneno yalikuwa yameenda.

Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani Nairobi mwaka wa 2022, pale pale Kenya National Theatre, kwa sababu kuna watu waliohifadhi maneno yake. Wimbo wetu haukuvamiwa na polisi hata mmoja. Tuliufuta wenyewe, na daftari sijui liko wapi.