Wapiga-mboni wa Nubia

Kibera ya Nairobi, kabla ya kusongamana mabati yake na vichochoro vyake, ilikuwa mwitu waliopewa makao, mwanzoni mwa karne ya 20, askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, nao wakauita Kibra. Serikali ya kikoloni ikautangaza rasmi mwaka 1918 kuwa na eka 4,197, na wazao wao wakaja kupata hati ya eka 288 tu mwaka 2017. Habari za ardhi hiyo zimekwisha andikwa na wengine. Mimi huwaza zaidi kuwa watu hawa, waitwao Wanubi, wanachukua jina la nchi ambayo tangu zama za Mafirauni ilisifiwa kwa uta, na ambayo Waarabu waliihofu kwa sababu ya mishale yake.

Mwaka 642, baada ya Amri bin al-As kuiteka Misri, jeshi lake lilipanda mto Nili kuelekea kusini. Al-Baladhuri, mwanahistoria wa karne ya 9, amepokea riwaya ya mtu mmoja wa Himyar aliyehudhuria: kwamba Wanubi walijipanga safu mbele yao, na kabla panga hazijapata kufanya kazi, mishale ikawashukia, isilenge kifua wala paja bali jicho, hata walipohesabu majeruhi wakakuta macho 150 yamepofuka. Mpiga uta wa Kinubi, asema shahidi huyo, alikuwa akimwuliza adui yake wapi apendapo kupigwa. Adui huyo akitaja mahali kwa dhihaka, papo hapo mshale humfika. Kwa hayo wakaitwa wapiga-mboni. Abdallah bin Saad, liwali wa Misri baada ya Amri, alikuja mwaka 652 na manjaniki, akauzingira mji wa Dongola, na mwisho wake haukuwa ushindi bali mkataba, ulioitwa bakti, wa Nubia kutoa watumwa 360 kila mwaka na Misri kuleta nafaka na nguo. Nao ukadumu karne nyingi.

Yafaa kuangalia msimulizi ni nani. Aliyeieneza sifa hiyo si Mnubi, ni aliyepigwa. Na aghalabu ndivyo zilivyo hadithi za mishale ya ajabu, kwa maana mwenye uta anajua miaka aliyoitumia kulifunza bega lake, lakini wa upande wa pili haoni ila mwenziwe kuanguka, naye hana budi kutafuta sababu mbinguni au kuzimu. Hapa kwetu pwani, maadui wa shujaa Fumo Liyongo walimwalika katika kikoa cha kula makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, nia yao wamfume akiwa juu. Yeye akatoa mshale katika ziaka, akaliangusha kole zima bila kuinua mguu. Na alipokwisha kufa, amepiga goti kisimani, mshale ukiwa katika upote, watu wa mji walikaa siku kadhaa na kiu yao, asiwepo athubutuye kusogea, hata maiti ilipoanguka yenyewe. Mshale ule haukurushwa kabisa, na labda ndio uliotisha kuliko yote aliyoirusha.

Ziko sababu nyingine za kuuogopa mshale, zisizo za kubuni. Wakamba na Wagiriama walikuwa wakichemsha vipande vya mti wa porini na mizizi yake kwa saa nyingi, mpaka maji yawe ulimbo mweusi. Kisha mpishi hujichanja, akaiacha damu ichirizike, na mwisho wa mchirizi akagusisha sumu: weusi ukianza kupanda mbio kuelekea jeraha, huifuta damu upesi, akajua kuwa imeiva. Chembe cha mshale hupakwa sumu hiyo, kikazungushiwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Mnyama hufa kwa moyo kusimama. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitoa dutu iitwayo uabaini katika mti wa jamii hiyo, uliotumiwa na Wasomali, na matabibu wa Ulaya wakaja kuitumia, kwa kipimo kidogo mno, kutibu moyo ule ule.

Ama wazee wa Kibera, wengi wao hawakuwa wa nasaba ya Dongola. Walikuwa Wabari, Wakakwa, Wamakaraka na wengineo, walioandikishwa katika jeshi la Misri chini ya Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Na Lugard, afisa wa Kiingereza, alipowakuta Kavalli, karibu na ziwa Albert, mwaka 1891, akawachukua kwenda Uganda, silaha waliyobeba wapiga-mboni hawa wa jina ilikuwa bunduki ya Remington.