Wanyama na dalili za tetemeko la ardhi
Ni dai la tangu kale kwamba baadhi ya wanyama hung'amua tetemeko kabla halijapiga. Mfano unaotajwa sana ni vyura wa Ziwa San Ruffino, Italia: siku 5 kabla ya tetemeko la L'Aquila la Aprili 6, 2009, asilimia 96 ya madume walikuwa wametoweka ziwani, msimu wa kuzaliana ukiwa umepamba moto, tena kilomita 74 kutoka kitovu. Rachel Grant, aliyekuwa akiwahesabu kwa ajili ya utafiti mwingine, alichapisha matokeo mwaka 2010. Tukio moja halitoshi kuwa king'ora. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni sekunde za mwisho: mbwa anaweza kuhisi mawimbi ya P, dhaifu lakini ya kasi, kabla ya yale ya S yanayobomoa nyumba.